Maji Hayajaandikwa

Mama aliondoka nyumbani kwa sababu ya kibakuli. Watu wa mtaani kwetu walipendelea kusema kuna mwanamke mwingine, maana mtaa hupenda sababu yenye miguu na nywele, lakini mimi nilikuwepo na nasema ni kibakuli. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, kimekaa rafu ya chini ya friji, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho zamani kilikuwa maharage. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza mdogo wake, yule ninayemwita mama mdogo, na siku aliporudi alifungua friji atafute maji ya kunywa kabla hata hajaketi. Alisimama pale kwa muda. Halafu aliufunga mlango wa friji taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akalichukua begi lake ambalo hakuwa amelifungua.

"Narudi kwa mdogo wangu," aliniambia. "Siku friji hii itakapokuwa safi, nitakuja. Na aisafishe baba yako, kwa mkono wake. Wewe ukiigusa nitajua."

"Utajuaje, mama?"

"Nitajua."

Kweli angejua. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi wala haishiwi betri, na dirisha lake linaangalia jikoni kwetu moja kwa moja. Alikuwa amekwisha kuegemeza viwiko.

Baba alikuwa sebuleni, akisikia kila neno. Mama alipopita na begi, baba alisimama wima kwa heshima, akamwambia, "Safari njema." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikashindwa nianze na kipi.

Msije mkadhani baba yangu ni mtu mbaya. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia reli, katika kibanda cha ishara, akivuta vile vyuma virefu vinavyoiambia treni ipite au isimame. Kule amri ilikuja kwa maandishi. Baba aliisoma kwa sauti kwenye simu, "Nimepokea: fungua njia ya pili," akanyamaza, akasubiri mpaka mtu wa upande wa pili aseme, "Sawa." Bila hiyo "Sawa" hagusi chuma, hata treni ipige honi mpaka ikauke koo. Alikuwa na mwenzake ambaye siku moja alifungua njia bila karatasi, mabehewa mawili ya saruji yakakutana uso kwa uso. Baba akisimulia kisa hicho hushusha sauti na kusema, "Alifikiri," vile watu wengine wanavyosema, "Alikuwa amelewa."

Alistaafu reli, ila reli haikumstaafu yeye. Dawa ikiandikwa imezwe baada ya kula, akila hata karanga moja anaitafuta. Mlango ukiandikwa "Sukuma" atasukuma, hata kama mwenye duka ameubandika upande usio wake na watu wanampigia kelele avute.

Mama kwa upande wake hajawahi kumwamuru mtu yeyote. Kwao ilihesabiwa ukosefu wa adabu kumwambia mtu mzima fanya hivi, fanya vile. Mama huutazama uchafu, akautaja kwa jina lake, basi. "Hizo taka." "Lile bomba." "Hicho kibakuli, jamani." Mtu yeyote mwenye masikio anaelewa kinachotakiwa. Baba akiambiwa "Hizo taka", alizitazama na kukubali kwamba kweli ni taka.

Mimi ndiye niliyezaliwa katikati ya hao wawili, na labda ndiyo maana kazi yangu ni kuandika maelekezo. Kiwanda chetu kinatengeneza mabirika ya umeme na feni. Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, unayoikuta chini ya boksi ukaitupa pamoja na boksi, ni ya mkono wangu. Nimeiandika kwa jasho. Sijapata kukutana na mtu aliyeisoma, ingawa nimekutana nayo mara nyingi chini ya meza zinazoyumba, imekunjwa ili ikae sawasawa na mguu.

Kwa hiyo baba aliponiambia, "Niandikie, nitaifanya," moyo ulinidunda. Nilimtaka mama yangu arudi. Alikuwa analala kwenye kochi la mama mdogo na mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili, nisiseme uongo, nilikuwa nimepata msomaji.

Niliandika haraka nyuma ya bahasha: Zima friji. Toa vitu vyote. Safisha ndani kwa maji ya sabuni. Rudisha vitu. Washa. Nikaenda kazini nikijiona nimemaliza.

Jioni nilikuta uani kwetu pametandikwa shuka. Juu yake vitu vilipangwa kwa mstari kwa kadiri vilivyotoka: vitunguu, chupa za maji, trei ya mayai, kisha rafu, kisha droo, kisha taa, kisha ule mpira unaozunguka mlango, umekunjwa vizuri kama mshipi. Skrubu zilikuwa kwenye sahani ya chai, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Mwisho kabisa kulikuwa na kidude cha chuma ambacho sikujua kazi yake, ingawa nafanya kazi kiwandani. Redio alikuwa akipita taratibu kando ya shuka, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mgeni rasmi.

"Baba, ndiyo nini hii?"

"Toa vitu vyote," alisema baba, akinionyesha bahasha. "Vimetoka. Kilichonishinda ni ukuta wa nyuma tu, umeshikana na mwili. Nakuomba uandike kama nao ni kitu."

"Na kusafisha?"

"Sijafika huko. Hatua ya pili haijaisha."

Kibakuli cha bluu kilikuwa cha kwanza kabisa kwenye mstari, kimefunikwa sahani. Hata nzi walikuwa wanakipita kwa mbali.

Ilibidi aitwe fundi wa friji. Alivitazama vile vitu, akaishika ile sahani ya skrubu, akauliza ni nani aliyeifungua. Alisema tangu aingie kwenye kazi hiyo hajaona friji iliyofunguliwa kwa adabu namna ile, na kama mzee anatafuta kibarua, ampigie. Baba alifurahi sana. Mimi sikufurahi, kwa sababu friji ilirudi kuwa friji lakini uchafu ulikuwa mle mle, na kibakuli kikarudi mahali pake, maana hapakuwa na karatasi iliyosema vinginevyo.

Safari ya pili nilikaa mezani kwa nafasi. Nikaandika kiufundi. Nilitenganisha vyakula na vyombo, nikataja kwa majina yale yasiyotakiwa kung'olewa, nikaweka namba, nikapiga mstari chini ya maneno mazito. Hatua ya tano ilisema: Keti karibu, acha mlango wa friji wazi mpaka barafu yote iyeyuke. Niliisoma mara mbili nikaiona haina tundu la kupenya hata sisimizi.

Niliporudi, maji yalinipokea mlangoni. Yalikuwa yametoka jikoni, yamevuka sebule, yamepita chini ya kochi na sasa yalikuwa yanalinywesha kapeti la mama, lile ambalo hata wageni hulikwepa. Kandambili moja ilikuwa inaelea ikielekea chumbani. Baba alikuwa ameketi kando ya friji na viatu vyake vya ngozi ndani ya maji, karatasi gotini.

"Baba! Maji!"

"Nimeyaona," alisema. "Nimeyaona tangu yanaanza. Nikayatafuta kwenye karatasi, mbele na nyuma. Maji hayajaandikwa."

"Lakini si unaona yanaingia kwenye kapeti la mama?"

"Naona."

"Si ungeyafuta!"

"Ningefikiri," alisema baba, na alikuwa na uso wa mtu aliyeombwa akaibe.

Damu ilinichemka. Nilimwambia kwamba hata mtoto wa kutambaa huyakimbia maji, kwamba akili si karatasi, kwamba kama nyumba ingeshika moto angekaa hapo hapo akitafuta moto kwenye ukurasa wa pili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema kwa upole kwamba moto kweli sikuuandika, na afadhali niuongeze.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakumjua mama na kapeti lake. Niliyazoa. Nilipoinama na tambara nikasita, nikakumbuka sharti la mama, nikainua macho dirishani.

"Hayo ni ya sakafu, si ya friji!" Redio alipaza sauti. "Unaruhusiwa!"

Kwa hasira niliamua kumpa hatua moja moja. Nitamtumia ujumbe kwa simu, atausoma, atanipigia kunisomea, nitasema sawa, atafanya. Kama reli. Baba alilipenda wazo hilo kuliko zawadi yoyote niliyowahi kumpa. Alivaa hata koti lake la reli.

Tatizo ni kwamba siku hiyo kiwandani tulikuwa na kikao. Birika letu jipya lilikuwa linapiga kelele likichemka, si mluzi bali yowe, na wateja walikuwa wanalirudisha wakisema linawatisha wazee. Meneja alikuwa anazunguka meza akitafuta mtu wa kubeba mzigo huo. Simu yangu ikatetemeka, nikainama chini ya meza.

"Nimepokea," ilisema sauti ya baba, "chovya kitambaa kwenye maji ya sabuni."

"Sawa," nikanong'ona.

"Kuna mtu amesema sawa?" aliuliza meneja.

"Nimepokea: kamua kitambaa mpaka kisidondoshe."

"Sawa."

"Nimesikia vizuri," alisema meneja, na uso wake ukang'aa. "Wenzako wote wamekataa. Basi wewe ndiye utakayepokea simu za wanaolalamikia birika."

"Nimepokea: futa rafu ya juu, kutoka nyuma kuja mbele."

"Sawa," nilisema, maana ningesema nini, na watu wote wakapiga makofi. Mpaka leo napokea simu za yale mayowe.

Simu iliyofuata haikuanza na "Nimepokea". Kwanza nilisikia maji yakidondoka mahali.

"Nimefika kwenye kibakuli," alisema. "Hapa umeandika tupa. Nitupe kilichomo, au na chombo chenyewe?"

"Kilichomo, baba. Chombo ukioshe."

"Maana ni cha mama yako."

"Ndiyo, baba."

"Alipokuwa anaondoka kwenda kwa mdogo wake alisimama hapa akasema, 'Hicho kibakuli, jamani.' Nikamjibu, 'Ndiyo, nakiona.' Na kweli nilikuwa nakiona. Kila siku nilikisogeza kidogo nipate kuchukua maji." Nikasikia akikiweka kibakuli chini. "Nilidhani tunazungumza tu."

Nilitoka nje ya chumba cha kikao nikasimama kwenye ujia, kati ya maboksi ya feni. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa kiasi kile kile, na nilimkumbuka mama. Nikamwambia, "Tupa kilichomo, baba." Akasema, "Nimepokea: tupa kilichomo." Nikasema sawa.

Siku hiyo hakumaliza, kwa sababu chaji ya simu yangu iliisha pale tu aliponisomea hatua ya kuosha droo, na alisimama na droo mikononi mpaka niliporudi nyumbani kumwambia sawa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nusu nusu haitatufikisha. Nilijifungia chumbani nikaandika maelekezo ambayo hayajapata kuandikwa. Kila kinachoweza kutokea binadamu akiwa mbele ya friji nilikitia humo. Maji yakimwagika sakafuni, chukua tambara uyafute. Simu ikilia, pokea. Jirani akikuita dirishani, mjibu, kisha rudi pale ulipoishia. Ukiona uchafu ambao haukutajwa, ufute hata hivyo. Moto ukitokea, toka nje. Ukichoka, pumzika. Ukishapumzika, acha kupumzika.

Huo wa mwisho ndio mstari bora niliowahi kuandika maishani, na kiwandani hakuna atakayeujua. Mwanzoni kabisa niliweka: Karatasi hii yote imekwisha kuthibitishwa, kila hatua ihesabiwe imeambiwa sawa. Baba aliusoma mstari huo akaniangalia kwa heshima ambayo sikuizoea.

Akaanza. Mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono nimeiweka chini ya mapaja isije ikanisaliti. Jamani, baba yangu anasafisha! Alifuta rafu kutoka nyuma kuja mbele, akaziinua kwenye mwanga, akazirudia. Mpira wa mlango aliupitia kwa mswaki mkuukuu, kunjo kwa kunjo, akitoa vitu vyeusi ambavyo nadhani vilikuja na friji kutoka dukani. Alipofika kwenye "ukichoka, pumzika" alijikagua, akaona hajachoka, akauruka kwa kauli: "Hatua hii haihusiki." Maji yalidondoka sakafuni, akayafuta mara moja bila hata kuitazama karatasi, kwa kuwa alikuwa ameikariri. Redio aliita kutoka dirishani kwake kuuliza kama ana nafasi ya kusafisha na ya kwake. Baba akamjibu kwamba hana, kisha akarudi pale alipoishia.

Alipomaliza, ile friji ilikuwa inang'aa kuliko siku ilipokuja. Taa ilipowaka ndani ilimulika weupe mtupu, na kibakuli cha bluu kimefudikizwa kwenye rafu ya chini, kikavu. Baba aliufungua mlango na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Redio aliomba nakala ya karatasi kwa ajili ya mume wake, ila kwake niandike herufi kubwa. Halafu Redio mwenyewe akachukua simu kumwita mama, na kabla hatujamaliza kuanika matambara tulikuwa tumepata jibu: anakuja.

Nilioga. Nilibadilisha nguo kana kwamba ninaposwa. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumwona mama akicheka, akitupa begi kwenye kochi, akisema mambo ya mgongo wake.

Aliingia na viatu vyake, begi mkononi, akapita moja kwa moja mpaka jikoni. Baba alisimama kando ya friji, koti limefungwa vifungo vyote. Mama akafungua. Akapitisha kidole kwenye rafu. Akavuta droo, akachungulia nyuma yake. Akaukunjua mpira wa mlango kwa kucha na kuangalia ndani ya kunjo, mahali ambapo mtu anayekutakia mema hawezi kuangalia. Akakishika kibakuli, akakinusa, akakirudisha.

"Ameifanya mwenyewe?"

"Peke yake!" alisema Redio kutoka dirishani. "Nimeshuhudia kwa macho yangu haya."

Nikangoja tabasamu. Badala yake uso wa mama ulinywea, halafu ukawa mgumu, na alipomgeukia baba sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kwa hiyo unaweza."

"Naweza!" alisema baba kwa furaha. Maskini, hakuliona shimo.

"Miaka yote nilikuwa nakusamehe," alisema mama. "Nikiinama kudeki nasema moyoni, mwache, hawezi, ndivyo alivyoumbwa. Nilikuwa nalala nimekusamehe, naamka nakusamehe tena. Ndugu zangu wakikusema, nakutetea. Nawaambia, huyu si mvivu, huyu hawezi. Kumbe unaweza! Unaweza kunishinda mimi! Mimi huo mpira sijapata kuufikia mpaka ndani. Sasa niambie, nikusamehe kwa lipi?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa nimemsafishia baba friji na kumchafulia ndoa, na nilifanya hivyo kwa namba na mistari chini ya maneno mazito.

"Hukuwahi kuandika," alisema baba.

"Nilikuwa nasema."

"Ulikuwa unasema, 'Hizo taka.' Nami nilikuwa nakubali."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza.

Mama alinigeukia. Aliziomba zile karatasi, nikampa, akasoma akiwa amesimama. Akafika mahali akasoma kwa sauti, "Ukishapumzika, acha kupumzika." Akainua macho akaniuliza, "Huyu anayeandikiwa hivi ni mtu?" Ule mstari nilioupenda kuliko yote ulinitia aibu mpaka masikioni.

Aliichukua kalamu kutoka mkononi mwangu. Mama yangu, ambaye hajawahi kumwambia mtu mzima fanya, aliugeuza ukurasa wa mwisho, akauweka juu ya friji, akaandika neno moja na kuweka nukta. Akampa baba karatasi, akanirudishia kalamu, akatoka nje kuketi barazani. Alikaa na begi mapajani na viatu miguuni, akiangalia barabara, jinsi watu wanavyokaa wanapongoja gari.

Baba alivaa miwani.

"Nimepokea," alisoma kwa sauti ili imfikie nje. "Angalia."

Akasubiri. Barazani hapakutoka sauti.

"Angalia nini?"

Baba aliigeuza karatasi, akatazama mbele na nyuma, akaipeleka kwenye mwanga. Halafu akanijia mimi, na sijapata kumwona akiwa mnyonge kiasi kile.

"Mwanangu, niongezee kidogo hapo chini. Hata mstari mmoja. Niangalie nini?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeweza kumwandikia chumba kwa chumba, kona kwa kona, kwa ufasaha ambao haujawahi kutoka kiwandani kwetu. Niliutazama mgongo wa mama, ule unaomuuma, na lile begi ambalo bado lilikuwa limefungwa zipu mpaka mwisho. Nikauma ulimi. Nikaiweka kalamu kwenye kigoda, nikaikalia.

"Nimepokea: angalia," baba alirudia, taratibu zaidi, akiwa ameelekea mlangoni.

Hakuna aliyesema sawa.

Alisimama pale katikati ya jikoni kwa muda mrefu, karatasi mkononi. Nilifikiri atasimama hivyo mpaka mama achoke na kuondoka, na nilijua akiondoka safari hii harudi. Kisha baba aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akainua mguu. Akaenda kwenye jiko, akalitazama. Akaenda dirishani, akalitazama. Akatoka kuelekea sebuleni, tukabaki tunasikia viatu vyake tu, vinakwenda, vinasimama, vinakwenda. Kuna kitu kizito kilivutwa sakafuni.

"Hapa pachafu," ilisema sauti yake kutoka ndani.

Mama hakugeuka.

"Hapa nyuma ya kabati pachafu sana! Na juu ya mlango. Na huku chini ya kitanda, jamani, njooni mwone." Sauti ilikuwa inapanda, kama ya mtu aliyemfuma mwizi ndani ya nyumba. Tukasikia droo zikifunguliwa, pazia likivutwa. Aliposema tena alikuwa anaongea polepole, karibu na dirisha linalotazama barazani.

"Hapa dirishani huwa hapana vumbi. Nakaa hapa kila siku, hapakuwa na vumbi. Limekuja tangu uondoke." Tukasikia kiti chake kikivutwa. "Kwa hiyo kuna mtu alikuwa analifuta. Kila siku. Na mimi nimekaa hapa hapa."

Mama alibaki anaangalia barabara. Baada ya muda aliinama, akafungua kamba za kiatu kimoja, akakivua, akakiweka kando yake. Cha pili alibaki nacho mguuni.